Porsche Ilipinduka, Mbona Haina Hata Mkwaruzo?

Mwezi huu naomba tuyaweke pembeni mambo ya mahari, mawifi na nani alipe bili mkitoka kula, nikuletee kesi ya sebuleni. Unaijua hii: Jumamosi usiku, watoto wamelala, bisi ziko kwenye bakuli, mko wawili tu kwenye kochi na sinema ya mapigano ndiyo imefika patamu. Stelingi anakoki bunduki, adui yuko nyuma ya mlango. Mara picha inasimama. Mwenzako ameshika rimoti, macho yanamng'aa kama mtu aliyeokota pochi. "Umemwona yule jamaa pale nyuma? Subiri nirudishe uone!"

Karibu kila nyumba ina mtu wa namna hii. Kama kwenu hujawahi kumwona, basi jua ni wewe.

Mimi sina ugomvi na watu hawa. Kwanza kazi yangu ni uhariri, na kwa mhariri jicho la kuwinda makosa ni mtaji. Pili, kuwinda makosa ya sinema ni burudani tamu, tena ya bure. Lakini nimeshasikia watu wakinuniana ndani ya nyumba kwa sababu ya jambo hili hili, na shoga yangu mmoja aliniambia kwa uchungu kabisa: "Yule mwanaume haangalii sinema, anaikagua kama trafiki." Kwa hiyo leo tuyaone makosa yenyewe, yale maarufu na ya uhakika, halafu tuangalie wanaotengeneza sinema wao huyachukuliaje. Naamini kuna la kujifunza kwa sisi tunaoishi wawili wawili.

TUANZE NA COMMANDO

Kizazi changu wengi tuliikuta Commando ya Arnold Schwarzenegger kwenye kanda za VHS na kwenye mabanda ya video, enzi zile ambazo baadaye zilituletea watafsiri wa sinema kama Lufufu kwa upande wetu na DJ Afro kwa majirani zetu Kenya. Sinema yenyewe ni ya mwaka 1985. Kama umeiona, utakumbuka pale stelingi anapomfukuza yule adui mfupi anayeendesha Porsche ya njano. Porsche inapinduka, inalala kwa ubavu na kuburuzwa barabarani, upande mmoja unaharibika vibaya. Stelingi anamalizana na mwenye gari kule kwenye jabali, anarudi, anaisimamisha Porsche kwa mikono yake, anaingia na kuondoka nayo. Tazama ule ubavu wakati gari linaondoka. Hauna hata mkwaruzo, unang'aa kama gari limetoka bandarini leo asubuhi.

Sinema hiyo hiyo, mwishoni, stelingi anapolipua kambi ya maadui, kodoa macho kwa wale askari wanaorushwa na mlipuko. Baadhi yao si watu bali ni masanamu, kama yale ya kuvalishia nguo madukani, na vyuma vilivyoyashikilia yasimame vinaonekana. Kwa kasi ya kawaida huoni kitu. Ukisimamisha picha, unacheka hadi machozi.

Makosa ya namna ya Porsche ndiyo yanaitwa makosa ya mwendelezo, yaani kitu kilichokuwa hivi kwenye picha moja kinakuwa vile kwenye picha inayofuata. Yapo kila mahali. Kwenye Diamonds Are Forever ya mwaka 1971, James Bond anakimbizwa na polisi Las Vegas akiwa na Mustang nyekundu. Anafika kwenye kichochoro chembamba, analiinua gari na kupita kwa magurudumu ya upande mmoja. Anapotokea upande wa pili, gari limesimama kwa magurudumu ya upande mwingine! Waliliona wakati wa kuhariri, ikabidi wachomeke kipicha cha gari likibadilisha ubavu humo humo kichochoroni, mahali ambapo hata bajaji ingeona tabu kugeuza.

Halafu kuna Terminator 2 ya mwaka 1991. Lile lori kubwa linaruka kutoka darajani na kutua kwenye mfereji mkavu wa Los Angeles. Linapogonga chini, vioo vya mbele vinang'oka. Sekunde chache baadaye linaendelea kumfukuza yule kijana, na vioo vimerudi mahali pake.

Na mfalme wa makosa haya, kwa maoni yangu, ni Bullitt ya mwaka 1968, yenye Steve McQueen akifukuzana na wauaji kwenye vilima vya San Francisco kwa karibu dakika 11. Kaa na karatasi na kalamu. Kwanza, kuna Volkswagen ya kijani, ile ya mgongo wa kobe, inayopitwa na magari yale, halafu inapitwa tena, halafu tena. Pili, gari la wauaji linadondosha vifuniko vya ringi kila kona. Gari lina magurudumu manne, lakini ukihesabu vifuniko vinavyodondoka utapita vinne.

JAMAA WA KOFIA YA KAUBOI

Kundi la pili, na ndilo ninalolipenda zaidi, ni la watu na vifaa ambavyo havikupaswa kuonekana kabisa. Sinema ina watu mamia nyuma ya kamera: wa taa, wa sauti, wa kuvuta nyaya, wa chai. Mmoja akichelewa kutoka njiani, amekwenda na maji.

Chukua Pirates of the Caribbean ya kwanza, ya mwaka 2003. Mwishoni kabisa, Jack Sparrow amerudi kwenye meli yake, anawaamrisha mabaharia warudi kazini. Tazama ukingo wa kushoto wa picha. Pale nyuma amesimama bwana mmoja amevaa fulana nyeupe, kofia ya kauboi na miwani ya jua, anaangalia bahari kama mtalii anayesubiri boti ya kwenda Zanzibar. Hana habari na maharamia wala karne yao.

Au Gladiator ya mwaka 2000. Uwanjani Roma, gari la vita la kukokotwa na farasi linapinduka, na nyuma yake unaonekana mtungi wa gesi. Mtungi huo ulikuwa sehemu ya mtambo wa kulipindua gari. Warumi walijua mengi, lakini hilo hapana.

Kwenye Jurassic Park ya mwaka 1993, wale watoto wamejificha jikoni, mjusi mkubwa anaingia mlangoni. Kabla hajatulia, unatokea mkono wa mtu na kumshika mkia asiyumbe. Na kwenye The Matrix ya mwaka 1999, Neo anapofika kwenye nyumba ya Oracle na kunyoosha mkono kushika kitasa cha mlango, kile kitasa kinang'aa kama kioo, na ndani yake kuna kamera. Safari hii haikuwa ajali tupu. Waliijua shida mapema, kwa sababu kamera ilipaswa kuwa pale pale. Wakaifunika kitambaa na kuiwekea nusu ya tai ili ifanane na mavazi ya Morpheus aliyesimama nyuma ya Neo. Ukitazama haraka unadhani ni yeye.

Kisha kuna wanaojua mambo kabla hayajatokea. Alfred Hitchcock, kwenye North by Northwest ya mwaka 1959, ana sini ya mkahawani ambapo mwanamke anachomoa bastola. Nyuma yake ameketi mtoto wa kiume. Kabla bastola haijalia, kabla hata hajapaswa kujua kwamba kuna bastola, mtoto ameshaziba masikio kwa vidole. Maskini wa watu, bila shaka mazoezi na teki zilizotangulia zilikuwa zimeshamchosha.

KWA NINI MABILIONI YOTE YALE NA BADO WANAKOSEA?

Swali zuri. Jibu la kwanza ni kwamba sinema haishutiwi kwa mpangilio tunaouona. Mwisho unaweza kushutiwa wiki ya kwanza, na mwanzo ukashutiwa mwezi wa tatu. Sini ya kukimbizana ya dakika chache inaweza kuchukua siku nyingi, magari mawili matatu ya rangi moja, na mtu mwingine kabisa anayemwigizia stelingi sehemu za hatari. Ile Volkswagen ya kijani kwenye Bullitt ilipitwa mara nyingi kwa sababu kipande kile kile cha barabara kilipigwa kutoka pembe tofauti, kisha pembe hizo zikaunganishwa kana kwamba ni barabara inayoendelea.

Kuna mtu ambaye kazi yake ni kulinda mwendelezo. Anakaa karibu na mwongozaji, anaandika kila kitu: sigara ilikuwa imebaki urefu gani, glasi ilikuwa mkono upi, kitufe kipi cha shati kilikuwa wazi, damu ilikuwa shavu la kulia au la kushoto. Lakini mlipuko unapigwa mara moja tu. Huwezi kumwambia mwenye jengo, "Samahani, tulijengee lingine turudie." Kwa hiyo wanatega kamera nyingi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kamera moja inapoinasa nyingine, au inapomnasa fundi taa aliyebana nyuma ya pipa. Na kumbuka, picha za sinema hupita 24 kwa sekunde moja. Mtu akionekana kwa nusu sekunde, ni picha 12 tu. Ukumbini zinapita kabla hujafumba jicho. Ni sisi wenye rimoti tuliomkamata.

Jibu la pili litawafurahisha waliokulia kwenye TV za chogo. Sinema nyingi za zamani zilirekodiwa kwenye picha ndefu kwenda juu kuliko tunayoiona ukumbini. Ukumbini, juu na chini hukatwa na kizuizi ili picha iwe pana. Sinema hizo zilipohamishiwa kwenye VHS kwa ajili ya TV zenye umbo la karibu na mraba, mara nyingine kizuizi kiliondolewa tu, na ile maiki iliyokuwa inaning'inia juu ya kichwa cha stelingi ikajitokeza. Watazamaji wa ukumbini Marekani hawakuiona. Wewe uliyekuwa umekaa kwenye mkeka mbele ya kanda ya kuazima ndiye uliyeiona. Kwa hiyo siku nyingine mtu akikuambia ulikuwa unatazama sinema kwa njia ya kimaskini, mwambie wewe uliona zaidi yake.

SASA SIKIA HII

Nilipoanza kufuatilia mambo haya nilikutana na jambo moja lililonifanya nikae chini. Kuna tuzo ya Oscar inayotolewa kwa uhariri bora wa filamu, yaani kwa wale wanaokaa chumbani kuchagua picha ipi ibaki na ipi itupwe. Bullitt, yenye Volkswagen yake na vifuniko visivyoisha, ilishinda tuzo hiyo. The Matrix yenye kamera kwenye kitasa, ilishinda. Star Wars ya mwaka 1977, ambayo ina askari anayejigonga kichwa mlangoni mchana kweupe, ilishinda. Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981, ambayo unamwona nyoka kobra mara mbili kwa sababu kati yake na Harrison Ford kuna kioo, nayo ilishinda. Gladiator na mtungi wake ilitangazwa filamu bora ya mwaka.

Yaani nne kati ya sinema zinazochekwa zaidi kwa makosa ndizo wataalamu walizozipa tuzo ya juu kabisa ya uhariri. Je, wataalamu hao hawana macho?

Wanayo. Walter Murch ni mmoja wa wahariri wakubwa wa filamu waliopata kuishi. Alifanya kazi kwenye Apocalypse Now, na alichukua Oscar ya uhariri kwa The English Patient. Kwenye kitabu chake kiitwacho In the Blink of an Eye, anaorodhesha mambo sita ambayo mhariri huyapima kabla ya kukata picha, na kila jambo amelipa asilimia yake. Hisia, yaani mtazamaji anasikia nini moyoni, amezipa asilimia 51. Hadithi, 23. Mdundo, 10. Jicho la mtazamaji linaelekea wapi, 7. Mpangilio wa picha kwenye kioo, 5. Na mwisho kabisa, ule mwendelezo wa nani amesimama wapi na nani ameelekea wapi, amezipa asilimia 4.

Nne! Na anasema kama lazima upoteze kitu, anza kukitoa chini ya orodha, usiguse cha juu. Ndiyo maana mhariri akiwa na teki mbili, moja ambayo glasi iko mkono sahihi lakini uso wa mwigizaji umelala, na nyingine ambayo glasi imehama lakini machozi ni ya kweli, atachukua machozi. Glasi atakuachia wewe na rimoti yako.

Kwenye The Two Towers ya mwaka 2002, kuna mahali Viggo Mortensen anapiga teke kofia ya chuma, anaanguka kwa magoti na kupiga ukelele. Aliiparamia kofia vibaya, akavunjika vidole viwili vya mguu. Mwongozaji Peter Jackson alikuwa na teki nyingine kadhaa zilizokwenda salama. Iliyobaki kwenye sinema ni hiyo ya vidole.

TURUDI NDANI YA NYUMBA

Hapa ndipo nilipotaka kufika, mpenzi msomaji. Wengi wetu kwenye mahusiano tunagawa asilimia kinyume. Tunakuwa walinzi wa mwendelezo. "Jana ulisema wali hutaki, leo unakula." "Juzi hadithi hiyo ulisema mlikuwa watatu, leo mmekuwa wanne." Tunaweka kumbukumbu, tunapiga picha meseji, tunangoja siku ya siku.

Yule shoga yangu aliyemlalamikia mumewe kukagua sinema, naye ana ukaguzi wake. Siku moja mume alifika nyumbani amechelewa, akasema ametoka kazini saa kumi na moja na foleni ilikuwa mbaya. Shoga akachukua simu, akaonyesha meseji ya benki: saa kumi na mbili na robo kadi ilitumika kulipia mafuta, tena kituo ambacho hakipo njia ya kurudi nyumbani. "Mume wangu, foleni gani inapita huko?" Kesi ikasimama. Mume hakujibu, akaenda kulala bila kula.

Siku tatu baadaye ndipo alipofunguka. Mchana ule aliambiwa ofisini kwamba mkataba wake huenda usiongezwe. Hakujua aanzie wapi kumwambia mkewe. Akazunguka na gari mpaka mafuta yakakaribia kuisha, akaenda kuweka, akazunguka tena. Shoga yangu aliponisimulia alikuwa analia. Kuhusu saa alikuwa sahihi kabisa. Uso wa mumewe, uliokuwa mbele yake jioni nzima, hakuusoma.

Sisemi asingeuliza. Nasema kuna swali lililopaswa kutangulia: "Mume wangu, una nini leo?" Hilo ndilo la asilimia 51. La kituo cha mafuta lingekuja baadaye, na pengine lingejijibu lenyewe.

WANAOFUTA NA WANAOONGEZA MLIO

Watengenezaji sinema nao, makosa yakishaonekana, hugawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza hufuta. Yule kobra wa pili kwenye kioo cha Raiders aliondolewa kwa kompyuta, na kwenye DVD za mwaka 2003 hayupo tena. Vioo vya lori la Terminator 2 James Cameron alivirekebisha kwa ajili ya toleo la 3D la mwaka 2017. Mwaka 2019 kwenye Game of Thrones kilionekana kikombe cha kahawa cha kisasa mezani, mbele ya malkia mwenye majoka. Siku mbili tu baadaye HBO walikuwa wameshakiondoa kwenye mtandao wao. Mwaka 2020 kwenye The Mandalorian akaonekana fundi amevaa jinzi na fulana pembeni ya sini ya mapigano. Mashabiki wakampenda hadi wakampa jina, lakini naye akafutwa. Ukifungua kipindi hicho leo, huoni kitu.

Kundi la pili huongeza mlio. Yule askari wa Star Wars aliyejigonga kichwa mlangoni, George Lucas angeweza kumfuta kirahisi sana. Badala yake, DVD ilipotoka mwaka 2004, mgongano ule ulikuwa umeongezewa sauti ya "ko!" ili kila mtu ausikie. Na miaka miwili kabla ya hapo, kwenye Attack of the Clones, Jango Fett, ambaye kwa hadithi ile ndiye askari wa kwanza walinakiliwa kutoka kwake, naye anajigonga kichwa kwenye mlango wa chombo chake. Kosa la mtu mmoja la mwaka 1977 likawa ugonjwa wa ukoo.

Nyumba zinazodumu, kwa ninavyoziona, zina makosa mengi yaliyoongezewa mlio. Siku aliyochoma ugali mbele ya wakwe, siku aliyepotea njia ya kwenda kwenye harusi yenu wenyewe, sasa ndiyo hadithi mnayoisimulia wageni, na mwenye kosa ndiye anayeisimulia kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini angalieni: mlio unaongezwa na wote wawili. Ukimchekesha mwenzako mbele za watu kwa jambo ambalo yeye bado linamuuma, huo ni uchokozi.

KUNA MAKOSA SI YA KUCHEKA

Nisieleweke vibaya, kwa sababu najua kuna dada anasoma hapa na kujiambia, "Basi na mimi nivumilie, hiyo ni asilimia 4." Hapana. Hata kwenye sinema kuna makosa ambayo hakuna anayeyachekea.

Mwezi Machi 1993, kijana Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, alipigwa risasi na kufa wakati wa kushuti The Crow kule North Carolina. Ndani ya mtutu wa bastola kulikuwa kumenasa kipande cha risasi iliyotumiwa kwa maonyesho, na hakuna aliyekagua. Mwaka 2002, Harry O'Connor, aliyekuwa akimwigizia stelingi wa xXx sehemu za hatari, aligonga daraja mjini Prague akafariki. Oktoba 2021, mpigapicha mkuu wa filamu ya Rust, mama Halyna Hutchins, aliuawa New Mexico kwa bastola iliyokuwa na risasi ya moto, mahali ambapo haikupaswa kuwepo hata moja. Watu hawa hawakuonekana kwenye ukingo wa picha. Kwa wengi wao, jina lilijulikana baada ya msiba.

Ndiyo maana nikimwona jamaa wa kofia ya kauboi, pamoja na kucheka, nafurahi. Ni mtu alikuwa kazini, kazi iliisha, akarudi nyumbani. Na angalau sasa watu wa sehemu za hatari wameanza kukumbukwa: mwaka 2025 waandaaji wa Oscar walitangaza tuzo mpya ya kubuni matukio ya hatari, itakayoanza na filamu zitakazotoka mwaka 2027.

Kwa hiyo kuna kosa la glasi kuhama mkono, na kuna kosa la risasi ya moto. Mwenzako akikupiga, akikutishia, akiuza kiwanja chenu kwa siri au akikuficha jambo la afya linalokuhusu, hilo halihitaji hekima ya Walter Murch. Hapo kazi inasimama, taa zinawashwa, na anaitwa mtu mzima. Kama huwezi kulisema ndani, lisemee nje: kwa mshenga, kwa wazazi, kwenye dawati la jinsia polisi. Mtu anayekuambia unakuza mambo wakati una alama shingoni, huyo anataka kufuta picha.

KANUNI ZA KOCHI

Kwa wale ambao tatizo lao ni rimoti tu, nimewaandalia makubaliano. Mnaweza kuyabandika kwenye friji.

1. Mara ya kwanza, sinema inatazamwa bila kusimamishwa. Ukiona kosa, bana mguu wa mwenzako kidogo, msubiri mwisho. Aliyekuja kulia, mwache alie.

2. Mara ya pili ni mchezo. Kila kosa pointi moja, atakayeshindwa anaosha vyombo. Mahali pa kuwinda: vioo, miwani, vitasa na magari yanayong'aa, maana hapo kamera hujiona yenyewe. Kisha kingo za picha, hasa watu wanapokuwa wengi. Kisha vitu vinavyopungua: sigara, mshumaa, kinywaji kwenye glasi. Kisha majeraha na vumbi, kama vimehama shavu.

3. Mwenye kudai kosa lazima alionyeshe. Mitandaoni kuna orodha ndefu za makosa, na mengine hayapo kabisa. Kama huwezi kulisimamisha kwenye kioo likaonekana, hakuna pointi.

4. Hesabu risasi ni halali, hesabu kilomita pia. Kwenye Fast & Furious 6 ya mwaka 2013, ndege inakimbia kwenye njia ya kurukia kwa muda mrefu kiasi kwamba waliopiga hesabu walipata makumi ya kilomita, wakati viwanja vikubwa vingi vina kilomita 3 au 4. Pointi mbili hapo.

5. Majina yakianza kupanda mwishoni, msizime. Kaeni nayo hata dakika mbili. Wasomeni watu wa taa, wa nyaya, wa magari. Mmoja wao huenda ndiye mliyemwona kule nyuma.

Na kama mwenzako bado anasimamisha picha kila dakika tano, kabla hujafoka, mwangalie usoni. Mara nyingi yule mtu hataki kuharibu sinema. Ameona kitu kimemfurahisha, na wa kwanza aliyetaka kumwonyesha ni wewe.

Haya, bisi zinapoa. Tukutane hapa hapa mwezi ujao, na msigombanie rimoti.